Nyongeza Baada ya Muhuri

Ting!

Sauti hiyo ilipita ndani ya simu kabla Twalibu hajaambiwa neno lolote. Ilikuwa ndogo na kavu, kama kijiko kilichogonga ukingo wa sahani ya bati. Kikafuata kimya, kisha ikalia tena. Ting! Ilikuwa imetoka Gairo, ikamkuta amekaa kwenye kiti chake Kihonda, kikombe cha chai mkononi.

"Umeisikia?" aliuliza mzee Benedikto, mtunza ghala wa chama cha wakulima wa karanga. "Ndiyo hiyo. Nikibonyeza, inalia. Nikibonyeza tena, inalia tena, kama mbuzi aliyefungwa juani."

"Shikamoo, mzee. Kwenye kioo pameandikwa nini?"

"Marahaba. Ngoja nivae miwani." Ilisikika sauti ya kiti kikiburutwa. "Pameandikwa hivi: 'Kifurushi hiki kimeguswa baada ya kutiwa saini. Programu haitafunguka.' Sasa mwanangu, kimeguswa na nani? Diski nimeipokea kwa kondakta wa basi, bahasha imegandishwa gundi, nikaifungua mwenyewe mezani kwangu. Kuna mtu kaigusa huko kwenu?"

Twalibu akakiweka kikombe chini. Alimjua aliyekigusa kifurushi. Alimjua kwa jina, kwa ukoo, na kwa kijiji alichozaliwa, kwa sababu alikuwa ni yeye mwenyewe.

"Huku kilitoka safi, mzee," alisema.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, wala hawakuwa wakifanya mzaha. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu, akimwonea haya mkunga na kuibana kanga yake, hujiponza mwenyewe na kumponza mtoto. Kuivumilia haya ya kitambo kidogo kungemletea kilio cha kichanga na vigelegele vya majirani. Badala yake hujiletea kilio cha aina nyingine. Ndivyo alivyo kila mwenye shida anayeificha kwa wale walio na dawa yake. Twalibu aliijua methali hii tangu shule ya msingi. Aliwahi hata kuitungia insha, mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Lakini methali ya daftarini haimzuii mtu kuteleza.

Ilikuwa miaka ile ambayo soko huria lilikwisha kuzoeleka. Viwanda vya Morogoro vilivyokuwa vya umma vilikuwa vimepata wenyewe wapya au vimefungwa makufuli, na katika stoo moja ya kiwanda cha namna hiyo, pale Kihonda, kampuni changa ilikuwa imepanga chumba na kutengeneza programu za kompyuta. Programu yao iliyopendwa zaidi iliitwa Kihenge, kama lile ghala dogo la nafaka la kijijini. Kazi yake ilikuwa kutunza kumbukumbu za ghala: nani kaleta mzigo, mzigo gani, uzito gani, umetoka lini.

Twalibu ndiye aliyeiandika sehemu kubwa ya Kihenge. Hakuwa na cheti cha chuo chochote. Alijifunza kwa vitabu vilivyochanika na kwa kukaa katika vibanda vya intaneti mjini mpaka mwenye kibanda azime taa. Kwa hiyo alikuwa na majivuno ya mtu aliyejichimbia kisima kwa kucha zake. "Mimi siulizi," alizoea kuwaambia wenzake, "mimi naulizwa." Wenzake walicheka, naye alifikiri wanamkubali.

Aliyeshika muhuri wa kampuni alikuwa Joyce, binti wa mfanyakazi wa mashamba ya miwa, aliyesomea kompyuta Dar es Salaam. Kufungasha programu hakuna tofauti kubwa na kufunga mzigo wa safari. Ndani ya kifurushi huingia programu yenyewe pamoja na mafaili mengine inayoyahitaji: picha, maelezo, orodha. Mzigo ukishakamilika, Joyce aliutia saini kwa ufunguo wa siri aliokuwa nao yeye peke yake. Tangu hapo alama ya kila faili ilikuwa imeshikwa ndani ya saini hiyo. Programu ilipofunguliwa kwa mteja, ilianza kwa kuukagua mzigo wake. Kikipungua kitu, kikiongezeka kitu, au ikibadilika hata herufi moja, iligoma. Utaratibu huo ulianza baada ya walaghai wa mjini kurudufu diski za watu na kuchomeka takataka zao ndani, virusi vikatafuna kumbukumbu za wateja.

"Unayetaka kuongeza, ongeza kabla ya muhuri," Joyce aliwaambia mara kwa mara. "Baada ya muhuri hata nukta ni mgeni."

Tatizo ni kwamba Twalibu alilelewa na mwanamke wa sokoni. Mama yake, Bi Semeni, aliuza maharage, ndizi na pilipili manga katika soko la Mkuyuni, na hakuna mteja aliyeondoka mbele yake na kipimo kitupu. Kisado kikijaa na kusawazishwa, mteja alinyoosha mkono na kusema, "Haya, nyongeza yangu," na Bi Semeni alichota konzi moja ya juu akaitupia mfukoni. "Kipimo kisicho na nyongeza hakimrudishi mteja," alimfundisha mwanawe. Twalibu alinyonya maneno hayo pamoja na maziwa.

Basi mzee Benedikto alipolalamika siku moja kwamba Kihenge haijui debe wala kisado, inajua kilo tu, na watu wake hawaleti kilo bali wanaleta madebe, Twalibu alikaa akaandika faili la vipimo vya kienyeji. Debe la karanga zisizobanguliwa ni kilo ngapi, kisado je, gunia la kawaida je, na lumbesa, lile gunia lililojazwa mpaka likavishwa kilemba, ni kilo ngapi hasa. Lilikuwa faili zuri, lenye manufaa. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alilimaliza wakati Joyce amekwisha kukitia saini kifurushi cha Gairo na kumkabidhi ili akinakili kwenye diski.

Angeweza kukirudisha. Joyce angesema, "Subiri kesho nikitie upya," basi. Lakini Twalibu aliona ni mambo ya kubembelezana. Faili dogo kama lile! Nyongeza tu, konzi moja ya juu, na mzee Benedikto atashangaa akiikuta. Akalichomeka ndani, akanakili diski, akaijaribu kwenye kompyuta yake, ikafunguka kama mlango wa nyumba ya harusi. Hakukumbuka kwamba kompyuta yake, ikiwa ya fundi, ilikuwa imelegezewa ukaguzi ili isimsumbue kila anapojaribu jambo. Diski ikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikapelekwa stendi ya Msamvu, basi likaondoka nayo.

Kule Gairo msimu wa karanga ulikuwa umepamba moto. Kwa miaka mingi wakulima waliuza mmoja mmoja kwa walanguzi, ambao walinunua kwa lumbesa na kulipa bei ya gunia. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, walikubaliana kuweka mizigo yao katika ghala moja na kuiuza kwa pamoja kwa wanunuzi wa Dar es Salaam waliokuwa waje siku ya gulio. Wanunuzi walitaka kila mzigo uwe na stakabadhi iliyochapwa. Mzee Benedikto alikuwa ameiingiza mizigo yote kwenye kompyuta kwa kidole kimoja, kilichobaki ni Kihenge mpya ichape stakabadhi. Alichaguliwa kushika funguo za ghala kwa sababu moja tu ambayo kila mtu aliitaja: Benedikto hagusi cha mtu.

Na sasa mashine ilikuwa inasema kitu kimeguswa.

Kesho yake simu ya Gairo ilipigwa na mtu mwingine. Alikuwa mwenyekiti wa chama, Mama Filomena, mwanamke mwenye shamba kubwa kuliko la wanaume wengi na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Kijana, sina vocha ya kuchezea, kwa hiyo nijibu ndiyo au hapana. Bahasha imekuja imefungwa?"

"Ndiyo, mama."

"Kaifungua Benedikto, peke yake?"

"Ndivyo alivyoniambia, mama."

"Mashine inasema kifurushi kimeguswa. Ninyi mnasema kilitoka safi. Aliyekigusa ni nani kama si Benedikto?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema.

"Mama, mimi siwezi kumtaja mtu nikiwa huku mbali."

"Hukusema hapana."

"Sikusema, mama."

"Basi nimekuelewa," alisema Mama Filomena, akakata simu.

Twalibu alibaki ameishika simu sikioni. Alijiambia kwamba hakumsingizia mtu. Alijiambia pia kwamba ataitengeneza programu kimyakimya, ghala litafunguka, maneno yatakwisha yenyewe, na hakuna atakayejua. Mtu aliyedhamiria kufa na tai shingoni hakosi la kujiambia.

"Twali," Joyce alimwita kutoka meza ya pili, "Gairo kuna nini? Simu yako leo inalia kuliko kengele ya kanisa."

"Umeme wao unarukaruka."

"Umeme ndio unawafanya wapige simu huku? Hebu leta nione."

"Uone nini? Mimi si mwanafunzi wako."

"Nani kasema mwanafunzi? Nimesema leta nione. Macho manne si mawili."

"Yangu yananitosha, dada."

Joyce alimtazama kidogo, akarudi kwenye kazi yake. Laiti angejua kwamba dawa ilikuwa ya dakika chache tu! Lakini mgonjwa alikuwa ameubana mkono wenye jipu, naye daktari akaambiwa pita njia.

Twalibu akajichongea muhuri wake. Alitengeneza ufunguo wa kienyeji, akaing'oa sehemu ya Kihenge inayokagua saini, akaweka nyingine itakayoikubali saini yake. Kwenye kompyuta yake ikafunguka tena, kama kawaida. Ikabaki kuifikisha Gairo. Kwa basi hakuthubutu kuituma, akaona aipeleke mwenyewe. Na kazini aage vipi? Mtu haombi ruhusa ya kwenda kuficha kosa. Basi akakunja uso, akaenda kwa Joyce, ambaye siku hizo ndiye aliyekaimu nafasi ya bosi, akasema maneno ambayo ulimi wake ulijuta kabla hayajafika chini:

"Nimepigiwa simu kutoka nyumbani. Shangazi Raya amefariki."

Uso wa Joyce ukabadilika. "Jamani, Twali! Yule shangazi aliyekulea pamoja na mama yako? Pole. Pole sana. Nenda, nenda zako, usiwaze kazi."

Pole ile ilimwingia kama mwiba. Hata hivyo alibeba mfuko wake, akaenda Msamvu, na badala ya kushika njia ya Matombo, iendayo kwao Mkuyuni, akapanda basi la Dodoma.

Gairo ilimpokea kwa upepo wake wa baridi, unaopenya hata sweta. Ilikuwa siku ya gulio. Watu walikuwa wamejaa, ng'ombe wanalia, lori la wanunuzi wa Dar es Salaam limeegeshwa mbele ya ghala na madereva wake wanakula karanga za kuonjeshwa. Lakini mlango wa ghala ulikuwa umezungukwa na wenye mizigo, na hawakuwa na furaha.

"Tunataka magunia yetu!" mmoja alipaza sauti. "Karanga zangu siwezi kuziacha kwa watu wanaogusagusa."

"Mlanguzi anapunja, lakini anapunja mchana kweupe," mwingine alidakia. "Ninyi mnapunja kwa kompyuta!"

Watu wakacheka kicheko kibaya. Wengine walikuwa wamekwisha kuchoka kungoja. Twalibu aliwaona wakitoa magunia kwa mikokoteni na kuyapeleka ng'ambo ya barabara, ambako walanguzi walikuwa wanayafungua na kuyajaza upya mpaka yavae kilemba, wakitabasamu kama fisi aliyeona kilema.

Ndani, mzee Benedikto alikuwa amekaa mbele ya kompyuta. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, amevaa koti lililofifia ila limepigwa pasi.

"Afadhali umekuja, mwanangu," alisema. "Waambie basi. Waambie mimi sijui hata namna ya kuigusa hiyo wanayosema nimeigusa."

Twalibu aliinama akaingiza diski yake mpya. Mama Filomena alisimama nyuma yake amefunga mikono kifuani, na wajumbe wa kamati wakajipanga ukutani. Kihenge ikafunguka. Benedikto akashusha pumzi. Twalibu alibonyeza apate orodha ya mizigo.

Ting!

'Saini ya kifurushi haijulikani. Kumbukumbu zimefungwa.'

Kile alichokisahau fundi asiyeuliza ni kwamba kumbukumbu zenyewe zilikuwa zimefundishwa na Joyce kumtambua mwenye nyumba, yaani saini yake. Mlango aliweza kuung'oa, lakini waliomo ndani hawakumjua. Sasa si stakabadhi tu zilizokosekana. Hata orodha ya nani kaleta nini ilikuwa imefungwa.

"Mizigo yetu imepotea?" aliuliza Mama Filomena polepole.

"Haijapotea, mama, imefungwa tu."

"Nani kaifunga?"

Twalibu alitazama kibodi. Mama Filomena alingoja, kisha akamgeukia Benedikto.

"Mzee mwenzangu, tumesali kanisa moja tangu utoto. Sitaki kukuita jina ambalo siwezi kulifuta. Lete funguo, uende nyumbani, kamati itakaa."

Benedikto alitoa kishada cha funguo mfukoni, akakiweka mezani polepole kama mtu anayelaza mtoto, akachukua kofia yake, akatoka. Njia ilimfungukia katikati ya watu bila mtu kumsalimu.

Wakati huohuo simu ya Twalibu ikalia. Alitoka nayo nje upande wa nyuma, penye maganda ya karanga.

"Twali," ilisema sauti ya Joyce, "uko wapi?"

"Niko... niko msibani."

"Sawa. Na sisi tuko msibani. Tumekodi gari, ofisi nzima, tumekuja na mchele na sukari, tumefika kwenu Mkuyuni. Mama yako tumemkuta anaosha vyombo. Akashangaa, tukashangaa. Na unajua nani katuletea maji ya kunywa?"

Twalibu alifumba macho. Alikuwa amepanga kila kitu, ila amesahau jambo analolijua kila mtoto wa Morogoro: msiba si wa mtu mmoja. Ukitangaza kifo, watu huja.

"Shangazi Raya mwenyewe," Joyce aliendelea. "Amenishika mkono, akaniuliza amekufa saa ngapi. Twali, mimi sijui nicheke au nilie. Unakimbia nini?"

Kulikuwa na nafasi ya uongo mwingine. Ulikuja mpaka kwenye ncha ya ulimi. Lakini kupitia pembe ya ghala alimwona mzee Benedikto akiikokota baiskeli yake kuelekea barabarani, kofia mkononi, na uongo ule ukamgeuka mdomoni ukawa mchungu kama shubiri.

"Dada Joyce," alisema, "niko Gairo. Niliongeza faili baada ya muhuri wako. La vipimo. Likaigomesha programu. Nikasema kilitoka safi, wakamshuku mtunza ghala. Nikachonga saini yangu, sasa kumbukumbu zimefungwa, na mzee wa watu amenyang'anywa funguo. Nimeshindwa. Nisaidie."

Twalibu alijikaza kuyapokea matusi. Hayakuja, au tuseme yaliahirishwa.

"Ile diski ya kwanza ipo?"

"Ipo."

"Futa uchafu wako wote. Rudisha kifurushi kutoka kwenye diski ile ya kwanza. Kisha toa lile faili lako la vipimo. Hilo tu, usiguse kingine, hata ukiona vumbi usipanguse. Mzigo ukirudi kama nilivyoutia saini, saini yangu itautambua."

"Tu?"

"Tu. Ungeniambia siku ile nilipokwambia leta nione, ungekuwa umemaliza kabla chai haijapoa." Akavuta pumzi. "Ila kumbukumbu zikishajifunga, hufunguliwa na neno la siri la mtunza ghala. Mwambie huyo mzee aliandike kwa mkono wake."

"Ameshaondoka."

"Basi una miguu."

Twalibu akakimbia. Alipita katikati ya mbuzi na wauza mitumba, akamfikia Benedikto alipokuwa anataka kupanda baiskeli, akaishika usukani.

"Mzee, rudi. Tafadhali. Programu inafunguka ukiandika neno lako la siri."

"Mimi si mtunza ghala tena. Muulize mwenye funguo."

"Mzee, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Watu waliokuwa karibu walikwisha kusimama. Twalibu aliwaona, na mwili wote ulimwambia shusha sauti. Hakuishusha.

"Aliyekigusa kifurushi ni mimi. Niliongeza kitu huko Kihonda baada ya kutiwa saini. Wewe hukukosa lolote."

Benedikto akaurudisha mguu chini. "Nilipokupigia simu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mzee."

"Simu ile ya kwanza?"

"Ileile ya kwanza."

Mzee aligeuza uso akatazama ng'ambo ya barabara, ambako magunia yalikuwa yanavishwa vilemba. "Mke wangu," alisema, "jana usiku kaniuliza kama ni kweli. Tumeoana tangu enzi za ujamaa. Kaniuliza."

Benedikto aliigeuza baiskeli.

Kazi yenyewe ilikuwa kama Joyce alivyosema. Twalibu alifuta, akarudisha, akalitoa faili lake la vipimo, kisha akampisha mzee. Benedikto akavaa miwani, akaandika neno lake kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, huku kamati nzima ikimtazama. Hapakuwa na mlio. Orodha ikajitandaza kwenye kioo, jina la kila mkulima na mzigo wake, na mashine ya kuchapia ikaanza kunguruma.

Mama Filomena aliitazama stakabadhi ya kwanza, akamtazama Twalibu.

"Nilikuuliza ndiyo au hapana."

"Uliniuliza, mama."

"Ukaniacha nimvue nguo mtu mzima mbele za watu."

"Ndiyo, mama."

"Sasa njoo umvishe mbele ya watu walewale." Akachukua funguo mezani, akamshika Twalibu mkono kama mtoto mtoro, akamtoa mpaka mlangoni. Huko akapaza ile sauti yake ya ng'ambo ya bonde. "Sikilizeni! Huyu ndiye aliyeitengeneza programu. Ana neno."

Twalibu akasema tena. Mara ya kwanza kwa simu ilikuwa imemchoma. Ya pili barabarani ilikuwa imemtoa jasho. Hii ya tatu, mbele ya wenye mizigo wote na madereva wa Dar es Salaam walioacha kutafuna, ilimvua kila alichokuwa amejivika. Wengine walimzomea. Kijana mmoja akauliza kwa sauti kama huko Morogoro wanafundishwa kompyuta au ramli. Bibi mmoja aliyekuwa amekwisha kuuza kwa mlanguzi akakaa chini juu ya gunia tupu, akamwambia, "Mwanangu, mimi karanga zangu zimekwenda. Neno lako limechelewa kunifikia."

Wale waliongoja waliuza kwa bei nzuri. Lori lilijaa, ingawa halikujaa kama lilivyotazamiwa. Mama Filomena alimrudishia Benedikto funguo mbele ya umati, akamwomba radhi kwa maneno machache, naye akazipokea, akazitia mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. Baadaye Joyce alipiga simu tena. Faili la vipimo ni zuri, alisema, atalitia ndani ya kifurushi kijacho, kabla ya muhuri, na Twalibu akirudi ofisini ajiandae, maana yale matusi bado anayatunza. "Halafu shangazi anakusalimu," aliongeza. "Anasema upitie Mkuyuni umweleze alikufa kwa ugonjwa gani."

Basi la kurudi Morogoro lilipokaribia kuondoka, Twalibu alikwenda ghalani kuaga. Wakulima walikuwa bado wamekaa mlangoni na stakabadhi zao, Mama Filomena akiwa katikati yao. Mzee Benedikto alikuwa anafagia maganda. Hakuacha kufagia.

"Mzee Benedikto," Twalibu alisema, kwa sauti ambayo kila aliyekuwepo aliisikia.

"Sema, nasikia."

"Sikuja kukuomba unisamehe leo, hilo ni lako na siku yake utaijua mwenyewe. Nimekuja kukuahidi mbele ya mwenyekiti na wenye mizigo. Nitakosea tena, kazi hii haina asiyekosea. Lakini kosa langu likitokea, utalisikia kwa mdomo wangu siku hiyohiyo, kabla mtu hajakuuliza wewe. Na nisilolijua nitamwuliza anayelijua, hata kama wote wananitazama."

Fagio lilisimama. Benedikto alimtazama, akangoja, kama aliyeona kwamba ahadi ile haijafika mwisho.

"Naahidi, mzee," alisema Twalibu, "kwa sababu nimeona kwa macho yangu: mficha uchi hazai."